Pistoni ya Dirishani

Loibanguti kaja Jumatatu, supachaja ndani ya gunia la mkaa,
akaitua mezani kwangu kama mtu aliyeleta mahari.
"Ifunge hii, mama Aikaeli. Ijumaa nakuja na hela yote."
Nje, Fodi yake ya mwaka sabini na moja,
nyeusi, silinda nane,
na vumbi la mashine za Unga Limited limeshaipaka weupe
kama andazi lililogaragazwa kwenye sukari.

Nikamwuliza: na pampu ya mafuta?
"Ipo."
Nozeli?
"Zipo. Zilikuja na gari."
Na lile bomba jembamba la tangu kiwandani?
Akacheka. "Mimi nimenunua upepo,
wewe unaniuzia mabomba."

Sikubishana. Nikaishusha pistoni ya dirishani,
ninayowekea misumari na vipande vya chaki.
Tia kidole, nikamwambia.
Kidole kikaingia juu, kikatokea chini.

Hiyo ilikuwa ya Nderingo.
Naye alinunua upepo.
Nami nilikuwa binti, mkono mwepesi, mdomo mzito,
nikafunga alichotaka, nikala hela yake.
Hapa Arusha gari likaenda vizuri.
Huku juu hewa ni nyepesi kama uji wa mgonjwa;
pampu kuukuu ikajikongoja, ikatosha.
Kisha akashuka nalo kwenda Tanga, kumzika shangazi.
Akapita Moshi, akapita Same,
na kila mteremko hewa ikanenepa,
mafuta yakabaki yale yale.
Hedaru, saa nane mchana, mguu umezama,
injini ikaanza kugonga, ko, ko, ko,
kama mtu aliyefungiwa kabatini.
Akaongeza sauti ya redio.

Pistoni nne alizirudisha kwenye mfuko wa nailoni.
Tatu akazitupa mbele yangu. Hii niliiomba.

Wewe umeshakaa kamati za harusi, Loibanguti.
Ukigawa kadi mia mbili zaidi,
humwambii mpishi pilau ibaki sufuria ile ile.
Na hewa haina aibu ya mgeni:
ikikosa chakula,
inakula sufuria.

Akakaa juu ya tairi. Akapiga simu mbili kwa Kimaasai.
Kama aliuza mbuzi au jiwe, sikuuliza.

Tukashusha tenki; ndani, kutu ya miaka hamsini
na kizibo cha soda ambacho hakuna aliyekiri.
Pampu mbili badala ya moja.
Bomba nene kama kidole gumba,
na bomba la kurudia, maana mafuta yasiyotumika
yana haki ya kwenda kwao.
Nozeli nane mpya, nikizifungua moja moja kwenye karatasi zake
huku nimeshikilia pumzi.
Waya mnene kutoka betri: pampu isiishi kwa umeme wa kuomba.
Na mrija mdogo, mwembamba kuliko kalamu,
unaopeleka habari za upepo kwa rigileta,
ukipanda ratili moja, mafuta nayo yapande moja,
kama ng'ombe wawili wa jembe moja.
Siku tatu mjukuu wangu alikataa nimbebe. Nanuka, alisema.

Alhamisi, saa tisa usiku, barabara ya Kisongo.
Kabla hujawasha, nikamwambia, fungua swichi tu. Nyamaza.
Nyuma yetu pampu mbili zikavuma
kama nyuki waliorudi mzingani.
Unasikia? Hiyo ndiyo kazi yangu.
Hakunisikia. Alikuwa keshawasha.

Sitasimulia mwendo. Mimi sikuiona barabara,
macho yangu yalikuwa kwenye geji:
kumi na moja na nusu, kumi na moja na nusu,
sindano imetulia kama mtu aliyeshiba.

Sheli ya Kisongo tukamwamsha kijana wa zamu.
Akajaza, akatazama namba, akatutazama sisi.
"Hili gari linavuja?"
Linakula, nikamjibu.
Loibanguti akahesabu noti taratibu, midomo ikicheza.

Pistoni imerudi dirishani.
Misumari midogo hupita kwenye lile tundu, huanguka sakafuni.
Huinama, nikaiokota.
Sijaliziba.